Ghislain Thévenot, Mtu wa Gia za Mkono

Ndugu, jirani na marafiki mliolijaza kanisa hili asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 18 Machi 2023, haya ndiyo maisha ya Ghislain Thévenot, kama binti yake Solène alivyoyasimulia mezani juzi, akaomba yasomwe na mtu mwingine wa familia, kwa kuwa alijua sauti yake haitafika mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 hapa hapa Haudrecourt, mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Célestin Thévenot, aliyefanya kazi ya kuyeyusha chuma, na mama Yvonne, akasoma shule ya kijiji tangu 1953 hadi 1961, kisha shule ya ufundi mjini Charleville hadi Juni 1964, alikopata cheti cha kukereza vyuma.

Baada ya kutumikia jeshi, tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha giaboksi za magari madogo, akaunganisha gia kwa mikono yake, zamu baada ya zamu, mwaka baada ya mwaka, hata ikawa gari likipita barabarani anatega sikio, anasema, "Huyo dereva anaionea gia ya tatu."

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Odile Baudson, mshonaji wa kijiji jirani, na tarehe 3 Aprili 1974 wakajaliwa Solène, mtoto wao wa pekee.

Mnamo Septemba 1985 kampuni ilimpeleka Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na mkewe na binti yake, awafundishe mafundi wa huko gari dogo ambalo Wafaransa walilipenda mno, na Solène, aliyekuwa na miaka kumi na moja, anakumbuka mama mmoja mteja aliyeketi nyuma ya usukani, akatazama chini, akauliza, "Mguu wangu wa kushoto una kazi gani humu?" Ghislain akajibu, "Kukanyaga klachi, mama." "Kila nikibadilisha gia?" "Kila ukibadilisha." Yule mama akacheka, akashuka, akasema, "Baba, mimi naenda kazini saa nzima na kurudi saa nzima, barabara imenyooka kama rula, sasa kahawa yangu nitaishika na nini?"

Ghislain hakumcheka, bali aliandika ripoti ya kurasa tisa kwenda makao makuu, akieleza kwamba watu wa huko wana barabara pana, mafuta rahisi na safari ndefu, wanataka gari lijibadilishie gia lenyewe, wanataka kiti laini na mahali pa kuweka kikombe, na akajibiwa kwa mstari mmoja, "Gari si mkahawa," na kufikia Juni 1987 kampuni ilikuwa imefunga virago, naye amerudi kiwandani.

Huku nyumbani alikuwa na amani, kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba, mafuta yetu ni ghali, na kila kijana alijifunza gia za mkono, naye alizoea kusema, "Kule gari linawaendesha watu, huku watu wanaliendesha gari," akapanda kuwa msimamizi wa zamu mwaka 1990, akastaafu tarehe 30 Novemba 2007. Lakini Solène alirudi Ohio kikazi mwaka 1998, akaolewa huko, akapata leseni huko, na kila likizo baba yake alimwita uani amfundishe klachi, na kila likizo alijibu, "Mwakani, baba."

Kisha, polepole, ladha za kule zikaja huku, magari yakainuka, yakanenepa, klachi ikaanza kutoweka, na shemeji yake aliponunua moja la namna hiyo, Ghislain alimuuliza mbele ya watu, "Shemeji, umenunua gari au ghorofa?" Wote tulicheka, lakini mwaka 2014 sehemu aliyoisimamia kiwandani ilifungwa, naye akasimama getini na wenzake kutwa nzima, wala hapakuwa na wa kumzomea, kwa sababu waliokuwa wameacha kununua gia za mkono walikuwa jirani zao, shemeji zao, sisi wenyewe.

Mnamo Oktoba 2021 mama Odile, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, alihamia nyumba ya wazee iliyo kilomita kumi na tisa kutoka hapa, na Ghislain akaenda kila siku saa saba mchana kwa gari lake dogo, akamlisha, akamchana nywele, akarudi.

Tarehe 21 Julai 2022 alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukakosa nguvu, na daktari akamwambia, "Bwana Thévenot, utaendesha, lakini otomatiki tu." Akajibu, "Afadhali ungenikataza mvinyo," na kwa wiki saba alikataa, akategemea basi la Jumanne na Ijumaa, mpaka Solène aliposema kwenye simu, "Baba, huku hata mapadri wanaendesha otomatiki." "Ndiyo maana nilirudi." "Sawa, baba. Basi mama atazoea kukaa bila wewe." Tarehe 9 Septemba akaenda kutia sahihi ya kununua otomatiki.

Bwana Lambotte, muuza magari, alimwonyesha kwanza yale marefu, lakini hayakuweza kuingia kichochoro cha nyumba yake, na kuhusu madogo alieleza, "Mzee wangu, karibu wote wameacha kuyatengeneza, hata hapa kwetu watu wanataka kukaa juu," hivyo likaagizwa moja, likaahidiwa Novemba, likasogezwa Januari, likasogezwa Machi, na Solène akapiga simu kila wiki kutoka ng'ambo ya bahari, akajibiwa kwa upole kwamba kuna kifaa kimoja hakijafika kiwandani, wala hakuna wa kulaumiwa.

Wakati huo jirani Firmin alimpeleka kila Jumapili pia, lakini siku hizo chache hazikutosha, na mwezi Januari mama Odile alimtazama mumewe akiingia na fimbo, akamuuliza muuguzi, "Huyu bwana ni nani?" Ghislain akajibu mwenyewe, "Ni dereva tu, mama," akaketi, akamlisha.

Kiharusi cha pili kilimpata jikoni kwake, na Ghislain alifariki Jumatatu tarehe 13 Machi 2023, akiwa na miaka sabini na mitano. Solène aliwasili Jumanne, na gari likaletwa Jumatano saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani Firmin kwa Jumapili zake zote, wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza, na bwana Lambotte, aliyelileta gari mwenyewe na kulia uani, ajue kwamba hatuna kinyongo naye.

Mama Odile yuko nasi, kiti cha mbele, Solène amemleta asubuhi hii kwa gari hilo, na njiani ameuliza mara nne kwa nini Ghislain amechelewa leo. Akikuuliza na wewe pale nje, familia inakuomba usimsahihishe, mshike mkono, mwambie yuko njiani.

Pumzika, Ghislain, amani iwe nawe.