Bwana Alinifungua Katika Mchezo wa Rede

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe! Mimi ni Skolastika, Mama Deo wa Mbekenyera. Wengine mnanijua kwa kilimo cha ufuta, wengine kwa kwaya. Leo nataka niwaeleze Mungu alivyonitoa shimoni, na njia aliyoitumia itawashangaza.

Ndugu zangu, mume wangu alianguka kutoka juu ya mkorosho akipogoa matawi. Akaumia uti wa mgongo. Mtu niliyezoea kumwona na gunia begani, nikawa namgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Tangu siku ile nyumba nzima ikanielemea. Alfajiri namwosha, namlisha, nakimbilia shambani, narudi mbio kumgeuza asipate vidonda, nachota maji, nafua mashuka, napika. Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, nikaibeba mashine mgongoni mwenyewe. Watu wakanisifu, "Mama Deo ni jembe!" Nami nikazidi kujitwisha, maana ukishaitwa jembe unaona aibu kusema mpini umepasuka.

Lakini ndani nilikuwa nakauka. Kichwa kiliniuma kila siku. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa tu nachambua mchele. Usingizi ukanikimbia. Kanisani nafungua mdomo kuimba, sauti haitoki, wenzangu wakadhani nina mafua. Nilisali, ndugu zangu! Nilifunga na kusali! Nikamwambia Mungu, "Niondolee mzigo huu." Mzigo ukabaki palepale.

Siku moja, mchana kweupe, nikaanguka katikati ya ufuta. Nilipozinduka, jirani yangu Somoe alikuwa ananimwagia maji usoni huku analia na kuniita jina. Wakanipeleka hospitali, Nachingwea. Daktari, mama mmoja wa makamo, akasema presha imepanda vibaya na ningeweza kupooza. Nikawaza, nikipooza na mimi, nani atamgeuza mwenzangu? Akaniandikia dawa, kisha akaniuliza:

"Mama, ni kitu gani unafanya kwa kufurahi tu? Si kazi, si wajibu."

Nikaihesabu siku yangu nzima, yote kazi. Nikalia palepale kwenye kiti.

"Dawa utameza," akasema, "lakini na hicho kitu kakitafute. Mwili wako umechoka kubeba peke yake."

Jamani, Mungu ana njia zake! Wifi yangu Editha anaishi Marambo. Akanichukua kwake, akasema sirudi nyumbani mpaka nipate nguvu. Mgonjwa wangu wakabaki naye mama mkwe na Somoe. Jioni, baada ya sala ya jumuiya, nikaona akina mama wazima, wengine wana wajukuu, wanajifunga kanga viunoni. Wanacheza rede! Rede ileile ya shuleni: wawili wamesimama huku na huku wanarusha mpira wa matambara, aliye katikati anakwepa, na akipata nafasi anajaza mchanga kwenye chupa.

"Wifi, ingia," Editha akaniita.

"Mimi? Na kaka yako yuko kitandani?"

"Kwani ukinuna hapo ndiyo atainuka?"

Nikaingia kwa hasira. Mpira wa kwanza ukanipiga mgongoni, pwaa! Nikageuka nimfokee aliyerusha. Nikamkuta ni bibi asiye na meno ya mbele, anarukaruka akijishangilia kama amechukua kombe. Ndugu zangu, kitu kikafunguka kifuani mwangu! Nikacheka. Nikacheka mpaka nikakaa chini mchangani, machozi yananitiririka. Sikuwa nimecheka tangu mume wangu aanguke. Nilipolala, nililala kweli. Asubuhi nikapiga magoti nikashukuru, maana nilielewa: nilimwomba Mungu aniondolee mzigo, naye alikuwa ananionyesha mahali pa kuutua kidogo, nipumue, niubebe tena.

Niliporudi Mbekenyera nikawaita akina mama wa kwaya, tukacheze uwanjani mbele ya nyumba yetu, ili mgonjwa akiita nisikie. Somoe ni Mwislamu, hana kwaya, lakini alikuja, na mkono wake ni balaa! Mama mkwe ndiye hakupendezwa. Siku hiyo ya kwanza alisimama mlangoni, akasema mbele ya watu wote:

"Mkwe wangu, mwanangu kalala ndani, na wewe unaruka hapa kama kigoli? Watu watasemaje?"

Nikainama niokote ndala zangu. Hapo sauti ya mume wangu ikatoka dirishani:

"Mama, mwache acheze! Akicheka huko nje, na mimi huku napata nafuu. Akinyamaza ndiyo naogopa."

Mama mkwe akaingia ndani, tukajua amekasirika. Kumbe! Baada ya kitambo akamwita Somoe, wakatoka wawili wamembeba mume wangu kwenye kiti, wamemwegemeza kwa mito. Siku hizo alikuwa ameanza kuweza kukaa. Mama mkwe akamfunika miguu kwa kanga yake, akasema, "Haya. Basi na yeye aone." Siku hizi mume wangu ndiye refa wetu. Refa mkali! Na mkewe hampendelei hata kidogo.

Sitawadanganya, wapendwa. Mume wangu bado hatembei. Shamba bado linanisubiri, na vidonge namezea chai kila asubuhi kama nilivyoagizwa. Lakini presha imeshuka, daktari mwenyewe amefurahi. Sauti yangu imerudi, mmenisikia leo kwenye kwaya! Usingizi umerudi. Na nyumbani kwetu kunasikika vicheko, hata vya mama mkwe.

Asante Yesu! Asante kwa daktari, kwa wifi yangu, kwa jirani yangu Somoe!

Ndugu yangu unayenisikiliza, wewe unayeuguza, wewe unayelala na mawazo na kuamka nayo, usidhani Mungu anapokea machozi yako tu. Mpe na kicheko chako. Mwamini, kisha inuka utoke nje. Ukipenda bao, kacheze bao. Ukipenda kufuma, fuma. Na kama umekosa wa kucheza naye, njoo kwetu Mbekenyera siku yoyote ya Jumapili jioni. Ulizia tu nyumba yenye kelele. Jina la Bwana lihimidiwe!