Tata Ntambwe na Mapikapu Yaliyonyamaza

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Padre mlezi wetu pamoja na Mchungaji. Wakuu wa idara. Mama Adolphine, mke wa mstaafu, na familia yote. Wauguzi, madereva na mafundi wa Shirika la Mabawa ya Afya:

Tarehe 30 Novemba 2025, Tata Stanislas Ntambwe anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika garaji yetu hapa Kolwezi. Alizaliwa Lubudi, mwana wa mfanyakazi wa reli, na aliingia kwetu mwaka 1996 kama msaidizi wa fundi. Mwaka 2008 akawa mkuu wa garaji. Tangu hapo, hakuna muuguzi aliyekwenda Dilolo, wala sanduku la chanjo lililofika Kisenge, bila gari kupita kwanza mikononi mwa Tata.

Wanaomfahamu wanajua kwamba Tata Ntambwe ni mtu wa majivuno kidogo, na tunamsifu kwa hilo. Kwa muda mrefu alijivuna hasa kwa uchomeleaji wake. Mapikapu yetu yana udhaifu mmoja unaojulikana na kila dereva: kolekteri, yaani kile chuma kinachopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba la nyuma, hupasuka. Kila kilipopasuka, Tata alikichomelea, akakipiga kofi kama mtu anayemsifu farasi, akalirudisha gari barabarani. Miezi michache baadaye, ufa ulifunguka tena pembeni mwa ule wa zamani.

Ufa huo una tabia ya ajabu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, hulia tik-tik-tik kama saa ya ukutani. Injini ikipata moto, chuma hupanuka, ufa hujifunga, na sauti hupotea. Madereva wetu, ambao hawapendi gari lao lilazwe garajini huku wenzao wakisafiri, waliitumia vizuri elimu hiyo. Waliwasha magari kabla Tata hajafika kazini, na yeye alipofika alikuta uwanja mzima ukinguruma kwa afya njema.

Mchezo huo uliisha miaka miwili iliyopita, msimu wa mvua. Gracien, dereva wa safari ya Lubudi, alikuwa amelipasha gari lake moto mapema kama kawaida. Tata alipouliza habari ya ile sauti ya juzi, Gracien alimjibu kwa furaha, “Tata, iko muzima, sikiya mwenyewe.” Tata akasikiliza, hakusikia kitu, akaliruhusu. Njiani ufa ulizidi hata moto haukuweza tena kuufunga; mvua ilinyesha, Mama Laurentine, muuguzi wetu, akafunga dirisha lake, na moshi ukaanza kupenya ndani kupitia sakafu. Gracien aliokolewa na dirisha lake bovu lisilofungika, lile alilolilalamikia mwaka mzima. Mama Laurentine alifika Lubudi akitapika, hawezi kusimama, na watu wa sokoni, walipomwona akishushwa kwa kushikwa mabega, walisema waliyoyasema.

Alipona, tunamshukuru Mungu, na leo yuko hapa mbele yetu. Tata alipokwenda kumwona hospitalini, alimkuta amekasirika zaidi kwa maneno ya sokoni kuliko kwa kichwa kilichomuuma. “Mi shikunywaka pombe, Tata,” alimwambia. “Ni motoka njo ilinilewesha.”

Kolekteri ya gari lile ilikuwa imechomelewa mara mbili, na Tata mwenyewe. Aliingia ofisini kwa wakubwa akiwa ameishika mkononi, akaiweka juu ya meza safi ya Mkurugenzi, akasema kwamba kuanzia siku ile hatachomelea nyingine. Inhinyeri Abigaëlle Mbuyi, mhandisi wetu, ndiye aliyemwonyesha chanzo cha pili cha tatizo. Magari yetu yakitoka kwenye njia za migodi, sharti yaoshwe matope langoni kabla ya kuingia mjini, na walinzi walimwaga maji baridi chini ya injini iliyotoka mbio. Chuma kikiwa chekundu kwa moto, kikapigwa maji: kingefanya nini isipokuwa kupasuka? Tata alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, kisha wawili hao wakafanya kazi kama watu waliosoma darasa moja. Inhinyeri alitafuta kolekteri nene zaidi zenye nafasi ya kupanuka. Tata alizifunga kwa buloni, yaani bolti, mpya na jointi mpya za kuziba moshi, baada ya kusawazisha uso wa injini hadi rula ilale bila kuonyesha mwanga chini yake.

Kisha akaweka kanuni ya lango: gari lipumzike, kifuniko cha injini kikiwa wazi, kabla ya kuoshwa. Madereva Wakatoliki walipima muda huo kwa rozari nzima. Waprotestanti walipima kwa nyimbo tano za kitabu chao, na mpaka leo wanashtakiwa na wenzao kwamba wanaimba mbio. Tata hakuingilia ugomvi huo wa madhehebu. Alichotaka ni chuma kipoe. Asubuhi naye alifika kabla ya dereva yeyote, akagusa kila kifuniko kwa kiganja. Gari la kifuniko chenye joto halikutoka. Neno lake garajini mnalijua nyote: “Motere ya moto inasemaka bongo. Ya baridi njo inasema kweli.” Yaani injini ya moto husema uongo; ya baridi ndiyo isemayo kweli.

Kati ya mapikapu yetu kumi na mawili, tisa yamebadilishwa kolekteri, na hakuna hata moja kati ya hayo tisa lililolia tena. Matatu yamebaki. Madereva wake, Sadrack, Merdi na Kabemba, wamekuwa wakiahirisha kwa sababu kampeni ya chanjo haisubiri, na tunajua wanasema kweli. Lakini tunajua pia kwamba mkuu mpya wa garaji, Jémima Nkulu, aliyefundishwa na Tata kwa miaka sita, ameanza kukuta vifuniko vya moto asubuhi. Tata alipoulizwa na kamati angependa zawadi gani, alijibu kwamba saa ya mkononi anayo; anachokosa ni kolekteri tatu.

Tata Ntambwe, Mabawa ya Afya yanakushukuru kwa kila abiria aliyeshuka salama. Nenda ukapumzike na Mama Adolphine; shamba lenu la Lubudi liwape mavuno, wajukuu wawape kelele njema, na mwili wako uwe na nguvu siku zote.

Na sasa uamuzi, uliotiwa sahihi na Mkurugenzi Mkuu asubuhi hii. Kolekteri tatu za mwisho zimefika kutoka Lubumbashi. Magari ya Sadrack, Merdi na Kabemba hayatatoka uwanjani humu mpaka zifungwe. Chanjo za Kisenge zitabebwa na Gracien, ambaye ameomba safari hiyo mwenyewe. Kuanzia leo, gari lisiloruhusiwa na Mama Jémima haliendi popote, awe yeyote aliyeliagiza. Tunawaomba madereva hao watatu wasimame, waje mbele, na wakabidhi funguo mkononi mwake, Tata akiwa anaona. Chakula kitafunguliwa funguo zikishapokelewa.