Senyo Akpabli na Mashine ya Nukta Nundu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Akpabli, mimi Enyonam, dada yake mkubwa, nawasomea maisha ya mdogo wetu.

Senyo alizaliwa Kpando tarehe 9 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Hohoe, akahitimu masomo ya kompyuta Kumasi mwaka 2003, na Januari 2005 akaajiriwa katika shule ya wasioona hapa Ho, ninakofundisha, akabaki humo hadi mwisho. Tarehe 12 Desemba 2009 alimwoa Dzigbordi, wakajaliwa binti mmoja, Yayra.

Shule ilikuwa na printa ya nukta nundu, lakini programu iliyokuja nayo haikujua herufi za Kiewe, kwa hiyo vidole vya watoto wetu vilisoma Kiingereza tu, lugha ya mama yao wakaishia kuisikia. Senyo aliandika programu yake mwenyewe, ikaiacha kando ile ya kiwandani na kuzungumza na printa moja kwa moja kupitia waya wa USB, nukta baada ya nukta, na hadithi za Kiewe zikaanza kutoka. Watoto walimtania kwamba mashine ya Efo Senyo, yaani Kaka Senyo, inatafuna karatasi kutwa na hainenepi.

Mwaka 2022 printa ile ilikufa, ikaletwa ya aina nyingine, isiyoelewa amri za zamani, na walioiunda wakakataa kutueleza inaelewa zipi, basi Senyo akawa anakisia, anatuma, anangoja, nayo kimya, huku figo zake zikiharibika. Alipolazwa, Februari 2024, aliomba printa iwekwe kando ya kitanda.

Dzigbordi alimsihi, “Baba Yayra, iache ilale, nawe ulale.”

Akamjibu, “Hainijibu. Nikiondoka, nani ataiuliza?”

Alifariki tarehe 17 Mei, alfajiri. Tumetafuta wa kuendeleza kazi ile, hatujampata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walimu wenzetu waliomchangia damu.

Historia hii mnayo nyote mikononi, imechapwa vizuri pamoja na picha yake, isipokuwa wanafunzi wake walioketi safu ya mbele, ambao hatukuweza kuwachapia, ndiyo maana nimeisoma polepole.

Senyo, mdogo wangu, usiulize tena, pumzika.