Siku Kamera ya Mkongeni Ilipowaka

YAH: OMBI LA FENI MOJA (1) YA KUSIMAMA KWA AJILI YA SEVA YA UCHAMBUZI WA PICHA MJONGEO KWA WAKATI HALISI, STENDI YA MKONGENI, KOROGWE

Barua ilianza hivyo, na safari yake haikuwa ndefu. Kamati ya Usimamizi wa Stendi ilijibu kwamba seva ni kifaa, na feni, kwa mujibu wa mwongozo, hutolewa kwa watumishi. Basi Nicolaus, fundi aliyeletwa kuiandaa mashine hiyo, akabaki nayo katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio: bati juu, kidirisha kimoja, na joto la Korogwe ambalo halijawahi kusoma mwongozo wowote. Asubuhi hii alikuwa amefunga mlango, akaja kukaa kwenye benchi la Awadhi muuza kahawa, mkabala na geti la stendi. Wenye benchi walikuwapo wote. Alikuwapo Spika, aliyepiga debe mpaka sauti ikawa kubwa kuliko mwili. Alikuwapo Mzee Itifaki, karani mstaafu anayevaa tai hata kwenda kununua kiberiti, na Satelaiti, kijana anayefunga madishi ya televisheni na kwa hiyo anajua mambo ya angani. Benchi hilo lilikuwa na sifa moja mjini: hakuna aliyepita getini bila kutazamwa, kusalimiwa na kusemwa. Na bado, jana mchana, mzee mmoja alipita. Laurenti jina lake, mkata mkonge wa zamani, kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Binti yake Josefina alimleta hospitali kutoka Handeni, walipotoka huko akamkalisha kivulini ndani ya stendi, akaenda kukata tiketi za kurudi. Aliporudi alikuta kivuli kitupu.

– Mimi sioni kinachotuhangaisha, – Spika alisema, na watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka. – Kamera ile pale. Jana imewaka taa, wote tumeona. Mzee kapita chini yake. Wahenga walisema macho hayana pazia. Fundi, ingia ndani utuletee picha, mambo yaishe.

Nicolaus alipuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

– Haiendi hivyo, – Mzee Itifaki alisema, akinyoosha tai. – Picha ni mali ya Kamati. Binti aandike barua, ipite kwa Mtendaji wa Mtaa, igongwe muhuri, ndipo Kamati ikae. Haraka haraka haina baraka.

– Mzee wangu, mtu kapotea! – Satelaiti alimaka.

– Ndiyo maana nasema, utaratibu usipotee na wenyewe.

Awadhi alizungusha vikombe kwenye ndoo ya maji, akawamiminia upya bila kuulizwa. Alikuwa amelala kidogo. Usiku alizunguka na wenzake kwenye vichochoro vya Kwamndolwa wakiita, na mbwa ndio waliojibu.

– Halafu mnagombania kitu ambacho hakimo, – Satelaiti aliendelea. – Picha hazikai pale. Ule waya wa kijivu unapanda juu, picha zinarushwa angani, zinashukia Dodoma. Muda huu tunavyoongea kuna mtu amekaa kwenye kiyoyozi anamtazama mzee wetu.

– Mbona hapigi simu? – Awadhi aliuliza.

– Nani kamwambia mzee kapotea? Yeye anaona mzee anatembea. Kutembea siyo kosa.

– Angalau angeuliza, – Awadhi alisema.

– Aulize vipi, bwana, na mashine inamjua kila mtu? – Spika alidakia. – Ikikuona sura tu, inakwenda kwenye kitambulisho cha taifa, inarudi na jina lako, jina la babako, na kata uliyojiandikishia. Juzi nimepita pale nimekunja uso, nikasikia ndani kunalia tiii. Imenitambua.

– Ulikuwa mlio wa betri, – Nicolaus alisema.

– Betri imenitambua.

Mzee Itifaki hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, kama anayeweka hoja mezani.

– Ninyi hamjasoma maneno yenyewe. Imeandikwa “kwa wakati halisi”. Sasa, wakati tulio nao sisi ni wa kukadiria tu. Basi linaandikwa saa mbili, linaondoka saa nne. Mashine inao ule halisi. Maana yake iko mbele yetu. Inajua tayari mzee atapatikana wapi, inasubiri tu sisi tufike. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hapo umenena, – Satelaiti alikubali. – Lakini kuna jambo hamlitaki. Wakata mkonge wa zamani walikuwa na dawa ya kumkwepa nokoa, yule msimamizi wa shamba. Nokoa anasimama kwenye mstari anahesabu vichwa, na mtu yupo mbele yake, hamwoni. Je, kama mzee bado anayo?

Spika alishika shavu. – Kama anayo, mashine imekwisha.

Awadhi alimgeukia Nicolaus. Wengine walikuwa na maneno. Yeye alikuwa ameona usiku jinsi Josefina alivyokuwa akiita “Baba” kwa sauti ya chini kila walipofika kwenye nyumba ya watu, asiwaamshe.

– Fundi, sema basi. Ipo au haipo?

– Haipo, – Nicolaus alisema. – Haitunzi.

– Haitunzi nini?

– Picha. Inatazama, inahesabu, inaachia. Diski za kutunzia zimepangiwa awamu ya pili.

Benchi zima liliinamisha vichwa, kwa heshima ya awamu ya pili.

– Inahesabu nini sasa? – Spika aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya binadamu.

– Watu. Kila anayetokea kwenye picha inamchorea kiboksi. Akivuka geti inaongeza moja, halafu inamsahau.

– Kwa hiyo jana na mzee ilimhesabu?

– Ilimhesabu.

– Basi yumo! – Spika alipiga goti. – Haba na haba hujaza kibaba!

– Yumo. Yeye na wengine mia nne na kitu.

– Taarifa ya robo mwaka itapendeza, – alisema Mzee Itifaki, halafu akatazama pembeni, kama aliyesikia neno lile likisemwa na mtu mwingine.

Kulikuwa na jambo ambalo Nicolaus hakulisema. Kuiandaa mashine ile kulimla wiki. Aliufuta mfumo uliokuja nayo, akapandisha mwingine. Akaing’oa programu ya zamani iliyokuwa ikizing’ang’ania kadi mbili za kuchakata picha zisitumiwe na ile mpya. Umeme ukakatika katikati, akaanza tena. Jana mchana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kadi zote mbili kuitika na geti kutokea kwenye kioo cha kompyuta, safi, watu wakipita na viboksi vyao vya kijani. Angeweza kumwona kila mmoja. Lakini pembeni mwa kioo kulikuwa na tarakimu ndogo za joto la kadi, na zilikuwa zinapanda. Alichana boksi lililokuja na mashine, akawa anaipepea kwa mkono mmoja, macho kwenye zile tarakimu, akiziomba zishuke. Tangu jana alikuwa akijaribu kukumbuka mzee mwembamba mwenye kofia. Alichokumbuka ni themanini na nne, themanini na sita, themanini na nane.

Josefina alitokea upande wa vyoo vya stendi. Vumbi lilimfika magotini. Kwapani alibana bahasha ya hospitali, na mkononi koti la baba yake, ambalo mzee alilivua jana kwa ajili ya jua.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwanangu, – Mzee Itifaki alijibu, akasimama.

– Karibu kahawa, mama, – Awadhi alisema. – Kaa japo kidogo.

– Ahsante, sitakaa. – Alitazama benchi zima, uso kwa uso. – Mkata tiketi ameniambia hapa hapiti mtu bila ninyi kumwona.

– Hilo ni kweli, – Spika alisema. Kifua kilimtangulia kabla akili haijafika.

– Basi naomba neno moja tu. Baba alipotoka pale getini, alikata kushoto au kulia?

Spika aligeuka akalitazama geti. Mzee Itifaki aliangalia ndani ya kikombe chake. Basi la Lushoto lilipiga honi, likapita, na hakuna aliyelisema.

– Dada, – Satelaiti alianza, akasimama, akaanza tena. – Jana ndiyo kamera iliwaka. Tulikuwa tunaitazama. Tulibishana taa yake ni nyekundu au ya machungwa.

– Wote?

– Wote. Tuligeuza benchi ili tuione vizuri.

Josefina aliinua macho hadi kwenye nguzo ya kamera. Taa ilikuwa nyekundu. Kisha akamgeukia Nicolaus, maana alikuwa na kitambulisho shingoni.

– Na wewe kaka? Wameniambia wewe ulikuwa ndani, unaliona geti kwenye kioo.

– Nilikuwa naliona.

– Alikwenda wapi?

– Nilikuwa natazama joto.

– Joto la nini?

– La mashine, dada.

Josefina alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefika dirishani akaambiwa mhusika katoka. Hakumlaumu. Nicolaus angependa alaumiwe. Angepata pa kushika.

– Kulia ni wapi?

– Kulia ni barabara kuu, – Awadhi alisema. – Segera, halafu Handeni.

– Na kushoto?

– Kushoto hamna kitu, mama. Mashamba ya zamani.

Josefina aliliweka koti vizuri mkononi. – Nyumbani ni Handeni. Atakuwa anarudi nyumbani.

– Mwenda tezi na omo, – alianza Spika, akaiacha methali ile njiani.

Waliondoka wote. Satelaiti aliita bodaboda tatu kwa mluzi. Mzee Itifaki alivua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Nicolaus alikwenda nao bila kumwomba mtu ruhusa, na Awadhi aliacha birika juu ya jiko, makaa yakiwaka. Mpaka jioni walikuwa barabara kuu, wakisimamisha malori, wakiuliza kwenye vibanda vya machungwa, Spika akiliita jina la mzee kwa ile sauti yake, safari hii bila kuongeza kitu.

Mzee Laurenti alikuwa amekata kushoto. Alitembea hadi kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, akaketi juu ya tuta lililokuwa na reli ya mabehewa ya mkonge, akavua viatu, akavipanga ubavuni. Wachunga ng’ombe walimkuta hapo keshokutwa yake. Alikuwa amekufa kwa kiu.