Mzee Makokha na Vitabu vya Waliowahi Kuuzwa

Ndugu waombolezaji, mimi Nabangala, kifungua mimba wa marehemu, familia imenituma niwasimulie maisha ya baba yetu, mzee Silvano Makokha.

Baba alizaliwa tarehe 9 Mei 1960 huko Funyula, Busia, nchini Kenya, akasoma huko hadi kidato cha nne, na mwaka 1987, baada ya vita vya msituni vya Uganda kwisha, akaja Kampala, akapata kazi ya kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji Nakawa. Tarehe 16 Desemba 1989 alimwoa mama yetu, mwalimu Nafuna, wakatuzaa mimi na ndugu yangu Wanyama.

Mwaka 1991, sokoni Nakawa, alimkuta muuzaji akichana kitabu kikuukuu ili afungie karanga, akakiomba, na alipokisoma akaona ni maisha ya mwanamke aliyezaliwa utumwani ng'ambo ya bahari, yaliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1838. Tangu siku hiyo alitafuta matoleo ya kwanza ya masimulizi ya watumwa, na maandishi ya waliopinga utumwa, akayashona upya taratibu, na nyumba yetu ya Kyebando ikanukia ngozi na karatasi za zamani. Mvua ikinyesha alitusomea, nasi tukasinzia mkekani, tusijue tena kama anayesema ni baba au ni wale watu wenyewe, wamekuja kujikinga mvua kwetu.

Jirani yetu Bi Salme, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani na misafara ya biashara ya pembe na watumwa, alikuja siku moja amekasirika, akauliza, “Mzee Makokha, vitabu hivyo unavikusanya ili mtunyoshee kidole?” Baba hakubishana, alimpa kiti, akamfasiria kwa Kiswahili kurasa za mama aliyenyang'anywa mtoto, na Bi Salme akalia, akasema, “Bibi yangu alinunuliwa. Nyumbani tulikatazwa kulitaja.” Toka hapo akawa anakuja kusikiliza kila Jumamosi, na leo ameketi pale na mama.

Mwaka 2021 baba aliugua figo, macho nayo yakafifia, mama akawa ndiye msomaji. Jumapili tarehe 12 Machi 2023, alasiri, mama alikuwa akimsomea habari za mtu aliyevuka mto akitoroka utumwa, baba akakata roho kabla yule mtu hajafika ng'ambo, na mama akaendelea kusoma, polepole, mpaka akamvusha, ndipo akatuita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kyebando, na wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza.

Baba, pumzika sasa, amani ikufunike.