Tableti Mbili za Karani wa Ndovu

Nyuma ya duka la mbolea mjini Voi, pale ukuta unapotupa kivuli tangu asubuhi mpaka jua likae utosini, pana benchi lililoundwa kwa mataruma ya zamani ya reli, na hakuna habari iliyowahi kupita kwenye benchi hilo bila kupekuliwa mifuko. Habari njema ndiyo hupekuliwa zaidi. Twaha muuza kahawa, ambaye babake aliuza hapo kabla yake, hupanga vikombe, huchochea makaa chini ya birika, na wenyewe huja mmoja mmoja. Kuna Relwe, mstaafu wa reli, mwenye methali ya kila jambo ila lile linalozungumzwa. Kuna Wakili, jina lake hasa Makau, aliyeitwa mahakamani mara moja maishani kutoa ushahidi wa mbuzi na hajaacha kuhoji watu tangu siku hiyo. Na kuna Sateliti, yaani Sylus wa bodaboda, ambaye akitaka kusema siri huifunika simu yake kwa helmeti kwanza. Asubuhi hiyo alifika pia Hillary Mwandawiro, na kwapani alikuwa amebana tableti mbili.

Benchi humwita Hillary Karani wa Ndovu. Ndovu wakivunja ua usiku kule kando ya mlima wa Ndara, yeye hufika asubuhi, akapiga picha mahindi yaliyolazwa, akaandika shamba ni la nani, na mwenye shamba akaweka kidole gumba nyuma ya mashine ili shirika lililomwajiri lijue huyo ni mtu kweli na si mkulima hewa. Habari zikifika ofisini, mtu huletewa chakula na mbegu. Zisipofika, shauri yake. Msimu uliopita za wengine hazikufika, na waliokosa wote walikuwa akina mama. Hillary aliwaeleza kwamba mashine ilizidiwa na jua. Hawakubisha. Walinyamaza tu, na tangu hapo ndovu wakiingia hawampigii simu, wakikutana naye njiani wanaangalia upande wa pili. Kwa mtu aliyezaliwa huku huku na anayetaka kuzikwa huku huku, jambo hilo lilikuwa linamla. Sasa mkubwa wake, Madam Pauline, alikuwa amempa tableti mbili za sampuli achague moja kabla ya saa sita, zinunuliwe za makarani wote. Akikosea tena, hakuna lango litakalofunguliwa kwake.

— Zilete hapa tuzione, — alisema Wakili, akifuta mikono kwenye suruali. — Naomba kuuliza. Nani amekupa?

— Ofisi.

— Na ofisi imepewa na nani?

— Kuna jamaa alikuja na gari kutoka Nairobi. Anaziuza.

— Alikuja mwenyewe. Hakuitwa.

— Aliitwa, Wakili. Si tulitangaza tunataka.

— Aliitwa, lakini alikuja haraka, — alisema Wakili, akatazama wenzake kama mtu aliyeshinda kesi.

Moja ilikuwa nene, nyeusi, imezungushiwa raba ya rangi ya machungwa, na mgongoni ilikuwa na mkanda wa kuingiza mkono. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyembamba kidogo, nyepesi. Relwe aliushika ule mkanda, akauvuta.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, — alisema. — Ikishazoea Voi mtaifungua.

— Huo ni wa kushikia, mzee, — alisema Hillary. — Ukiwa porini isianguke.

— Kwani ikianguka inavunjika? Si uliambiwa ni ngumu?

— Jamaa alituonyesha video. Lori linaipitia juu, inatoka nzima.

— Lori la namba gani? — aliuliza Wakili.

— Sikuangalia namba.

— Hukuangalia kwa sababu hazikuwepo. Lori halina namba, dereva haonekani, halafu wewe unaamini tairi.

Sateliti hakungoja maneno zaidi. Aliichukua ile nyeusi, akapanda juu ya benchi, akaiachia. Ilidunda kwenye saruji, ikalala chali, haina alama. Hillary alifumba macho, akayafungua.

— Noma, — alisema Sateliti. — Hii si ya kawaida, wasee. Kitu kigumu hivi, ndani kunafichwa nini?

— Betri, — alisema Hillary.

— Hivyo ndivyo wanavyokwambia.

Relwe naye akaona zamu yake imefika. Aliinamisha kikombe, akaimwagia ile ya kijivu kahawa iliyobaki.

— Maji ya kifuu, bahari ya chungu, — alisema kwa sauti ya mtu anayebariki.

— Mzee wangu, methali hiyo haiingii hapo, — alisema Twaha. — Na kahawa yangu si ya kuoshea mitambo. Nimeamka alfajiri kuipika mimi, nikiwaza watu watainywa.

Hillary aliipangusa kwa shati. Iliwaka vizuri tu. Akashukuru Mungu moyoni, kisha akajilaumu kwa kuja kutafuta ushauri pahali kama hapo. Lakini angeenda wapi? Ofisini kila mtu alisema achague anayoona yeye. Aliyesema hivyo alijua pia lawama itaenda kwa nani.

— Mimi nataka itakayostahimili jua, — alisema. — Basi. Ile ya zamani ilijizima mkononi mwangu shambani kwa Mama Mumbe. Kabla haijazima kulikuwa na kiduara kinazunguka, kinazunguka, ati habari inasubiri. Nikadhani ni mtandao. Baadaye ikawa moto, ikafa. Na hizo habari hazikufika mpaka leo.

— Za Mumbe, — alisema Wakili.

— Zake, na za Syokau, na za Kasyoka. Na za wengine.

— Wanawake watupu.

— Wanawake watupu, — alikubali Hillary, na sauti yake ikashuka.

— Sasa naomba kuuliza, na usikasirike. Hilo jua lilikuwa linachagua? Mbuvi ana shamba limepakana na la Mumbe. Ndovu wale wale, usiku ule ule, asubuhi ile ile. Mbuvi akaletewa mbegu. Mumbe hakupata.

Swali hilo Hillary alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi na hakulipenda.

— Huko nje wanasemaje? — aliuliza.

— Unataka kujua? Wanasema kuna kitu ulitaka kwa akina mama, wakakataa.

— Nani anasema hivyo?

— Hakuna mtu anasema. Inasemwa.

Hillary alikiweka kikombe chini.

— Wacheni kijana wa watu, — alisema Relwe. — Shida ni hati. Mashine inajua shamba ni la mzee. Mama akisimama pale inamkataa. Reli ilikuwa hivyo hivyo, tikiti ya mume haipandishi mke.

— Mbuvi hana hati wala mke, — alisema Wakili.

— Basi ndiyo maana ilimkubali. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Hakuna aliyejua methali hiyo ilikuwa inakwenda wapi, na Relwe hakuwa na haraka ya kuelekeza.

Sateliti alivua helmeti, akazifunika tableti zote mbili zilivyobebana.

— Sikizeni, — alinong'ona. — Ndovu anasikia na miguu. Hii kitu iko wazi, hata watoto wa shule wanajua. Sasa hii tableti ikiwa kazini inatetemeka kidogo. Wewe husikii. Yeye anasikia akiwa mbali huko. Karani akiandika shamba leo, kesho kutwa ndovu wanarudi hapo hapo. Ni nani amewaelekeza?

— Wanarudi kwa sababu mahindi bado yapo, — alisema Hillary.

— Hivyo ndivyo na wao wanataka ufikirie.

— Nani? Ndovu?

— Buda, mimi sitaji majina.

— Na akina mama? — aliuliza Wakili, ambaye hupenda ushahidi ufike mwisho.

— Sauti. Mama ana sauti nyembamba. Inakata ile mtetemo, mashine inashindwa kuongea na ndovu, inajizima. Msijue kuna watu wanasoma mambo.

Twaha alimwongezea kahawa bila kuombwa, na benchi likaitafakari hoja hiyo kwa heshima ambayo haikustahili.

Hapo ndipo Mumbe mwenyewe alipotokea kwenye kona. Alikuwa amekuja kununua dawa ya viwavi dukani. Kapu lililoanzwa kusukwa lilining'inia kwapani, na huku akitembea vidole vyake vilikuwa vinasokota uzi wa mkonge kama kawaida ya akina mama wa Kikamba, ambao mkono ukikaa bure wanaona ni ugonjwa. Alimwona Hillary, akasita, akataka kupita.

— Mama Mumbe, shikamoo, — alisema Hillary, akisimama.

— Marahaba.

— Nasikia wameingia kwako tena.

— Waliingia.

— Na hukuniita.

— Nikuite uje uwahesabu nyayo? — alisema, bila hasira, na hiyo ikauma zaidi.

Wakili akaona nafasi yake.

— Dada Mumbe, hebu kaa. Huyu yuko hapa na mashine mpya mbili. Aandike habari yako sasa hivi, mbele ya mashahidi. Ikifika tujue. Isipofika, pia tujue.

Mumbe alitazama benchi zima, akawatazama kama watu anaowajua vizuri mno, kisha akaketi. Hillary aliwasha ile nyeusi. Aliandika jina, shamba, mahindi na kunde. Kivuli kilikuwa cha kutosha, betri ilikuwa imejaa, mtandao wa mjini ulikuwa mzuri. Aliigeuza.

— Weka kidole gumba hapa nyuma, mama.

Akaweka. Mashine ikaandika: Jaribu tena. Akaweka tena. Jaribu tena. Mara ya tatu kiduara kikatokea, kikaanza kuzunguka, na chini yake ikaandikwa kwamba habari inasubiri. Hillary alichukua ile ya kijivu, akaandika upya, naye Mumbe akaweka gumba, akaweka cha shahada, akaweka cha mkono wa pili. Kiduara kile kile.

— Leta hapa, — alisema Sateliti. Akaweka chake. Ikalia mara moja, ikakubali. Relwe akaweka chake, ikakubali. Wakili aliuliza kwanza alama yake itahifadhiwa wapi, halafu akaweka, ikakubali. Hata Twaha, aliyeungua mara elfu kwenye birika, ilimkubali.

— Mama, samahani, — alisema Hillary. — Nionyeshe mkono wako.

Mumbe akaunyosha. Ncha za vidole zilikuwa laini kama bilauri, hakuna mstari hata mmoja.

— Ni mkonge huo, — alisema. — Nasokota tangu niko msichana. Unakula mkono polepole, hauumi. Hata Syokau yuko hivyo. Kasyoka ndiyo kabisa.

Hillary aliketi. Aliwapitia kichwani mmoja mmoja, kila mama aliyekosa msimu ule, na hakukumbuka hata mmoja aliyempokea langoni bila uzi mkononi. Walikuwa wakiusimamisha tu, wakaweka gumba, wakaendelea kusokota, na yeye akaondoka akilaani jua. Alifurahi karibu kulia, kisha akaona aibu kwa kufurahi, maana watoto wa hawa akina mama walikuwa wamelala njaa.

— Halikuwa jua, — alisema.

— Kumbe hukutuuza, — alisema Mumbe.

— Sikuwauza, mama.

— Sisi tulisema ulituuza. — Aliufuma uzi kwenye kapu, akavuta. — Sasa, kati ya hizi mbili, ipi inanijua mimi?

Relwe alipekua methali zake zote, mdomo ukiwa wazi, na kwa mara ya kwanza hakutoa hata ile isiyohusika. Sateliti alivaa helmeti yake pole pole. Twaha aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha.

— Imekwisha, — alisema.

Simu ya Hillary ikaita. Alikuwa Madam Pauline.

— Hillary, jamaa wa tableti yuko hapa mbele yangu. Ni nyeusi ama ni kijivu?

— Madam, kuna mama hapa ana swali, — alisema Hillary. — Ngoja umsikie.

Mumbe aliishika simu mbali na sikio, kama anavyoshika simu zote, hivi kwamba benchi lilisikia kila kitu. Alieleza kidole chake, akaeleza mkonge, kisha akauliza tena, maneno yale yale. Walimsikia Madam akimuuliza mtu chini chini, na mtu huyo akianza kusema habari za lori na video, halafu akaishia hapo.

Mumbe alingoja kwa adabu. Mwishowe akamrudishia Hillary simu.

— Hata wao hawajui, — alisema. Akainuka, akaokota uzi wake. — Wewe njoo kesho uone mahindi. Na hizo uwaachie hawa wazee waendelee kuziwekea vidole.