Unga wa Mjukuu

"Ukungu si kitu, mwanangu. Unaupangusa, unaanika, unasaga," alisema msagishaji aliyekaa kiti cha mbele ndani ya basi.

Nyuma yake, Bibi aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyoyafanya mahindi ya unga uliokuwa kwenye mfuko mapajani mwake.

"Jua linaua ukungu, mzee wangu, haliui sumu," alijibu dada wa maabara aliyeketi kando ya msagishaji. "Ndani ya ukungu mna vimeng'enya, kama mafundi kiwandani. Hiki kinaanza, kile kinapokea, cha mwisho kinatoa sumu. Wewe unapokuja kuanika, mzigo umeshatoka."

"Hata unga ukipikwa?"

"Hata uchemke mpaka kesho."

"Mbona mimi naula na ni mzima?"

"Kwani ini lako limekwambia?"

Msagishaji akacheka, huku mkono ukipapasa ubavu. Bibi aliufungua mfuko, akanusa. Ulinukia unga tu, na hilo ndilo lililomtisha.

Basi likasimama. Bintiye alikuwa pale kituoni, mtoto mgongoni, mkono ameunyoosha dirishani. "Mama, lete nikupokee. Mumeo huyu analia njaa!"

Bibi akaukumbatia mfuko. Huu angeweza kuutupa. Ule wa mwezi uliopita, mtoto alikwisha kuumaliza.